Mume wangu ameshinda bahati nasibu, Desemba inakuja na ukoo mzima unarudi nyumbani. Naombeni ushauri

Wifi wa Kibosho
Wadau habari zenu. Niko Moshi mjini, nina genge la nyanya na vitunguu Mbuyuni. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Hivi karibuni alishinda bahati nasibu ya kwenye simu, na hela imeshaingia baada ya kukatwa kodi. Kiasi sitaji. Inatosha kununua kiwanja, kujenga nyumba ya kawaida na kubaki na akiba kidogo, ila haitoshi mtu kuacha kazi. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Tangu siku ile halali. Usiku ananiamsha anipangie: tununue Noah ipige ruti ya Arusha, tufungue duka la vifaa vya ujenzi Majengo, mdogo wake wa kike aende chuo, mama yake aezekewe nyumba. Ni ndoto nzuri na mimi nazipenda, maana tumepanga chumba na sebule Pasua tangu tuoane. Lakini karakana siku hizi anafika saa nne, na tiketi anazonunua zimezidi za zamani. Anasema nyota yake imefunguka.

Kinachoninyima usingizi mimi ni Desemba. Kwao ni Kibosho, na Krismasi ya Uchagani mnaijua: wa Dar, wa Mwanza, wa Mbeya, wote wanapanda mlimani. Kaka yake mkubwa anajua tayari, alipigiwa siku ileile. Mimi ni Mpare wa Same. Nikisema tufiche, nitaonekana mwanamke wa kuja anayemzuia mume asisaidie kwao. Tukisema, Januari ya ada itatukuta na nini? Tuwaambie au tunyamaze? Na hela ikae wapi wakati tunafikiri?

Kijana wa Sakina
Hongereni sana dada. Umefanya vema kutotaja kiasi. Kuanzia leo usimjibu mtu atakayekufuata inboksi, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya bahati nasibu. Aliyekwisha kulipwa hadaiwi "ada ya usajili" wala "kodi iliyobaki", kwa sababu kodi ya zawadi mwendeshaji anaikata kabla hela haijakufikia. Mume abadilishe namba ya siri leo leo, na hela isilale kwenye simu.

Binti wa Usa River
Mimi nasema nyamazeni kabisa. Kule West Virginia, Marekani, Jack Whittaker alishinda bahati nasibu iitwayo Powerball, dola milioni 314.9, Desemba 2002. Hakuwa maskini, alikuwa mkandarasi mwenye kampuni yake, na alitoa mamilioni kwa makanisa. Kwa kuwa kila mtu alijua anazo, watu wakamwandama kwa maombi na kesi. Mwaka 2003 gari lake lilivunjwa zikaibwa zaidi ya dola 500,000 taslimu, na mwaka 2004 mjukuu wake aliyempenda sana alikutwa amekufa. Kama mtu aliyezoea kuwa na fedha yalimkuta hayo, sisi wa chumba na sebule tujihadhari zaidi.

Mama Wawili Njiro
Dada, siri ni jambo moja, majina ni jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inahesabiwa kuwa ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuthibitisha ni kazi ya mahakamani, na wewe una genge la kuangalia. Kiwanja kikinunuliwa, kiandikwe majina yenu wote wawili. Liongee siku mnayocheka, usilivizie siku ya ugomvi.

Pia msinunue kwa barua ya mtendaji peke yake. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi, mjue kiwanja ni cha nani na kama kina mkopo, ndipo mtoe hela.

Mhasibu Arusha
Najua watakuja watu na ile takwimu kwamba asilimia 70 ya washindi hufilisika. Tuiache. Taasisi ya Marekani inayotajwa kuwa chanzo chake, National Endowment for Financial Education, ilieleza mwaka 2018 kwamba haitokani na utafiti wake na haiwezi kuithibitisha. Utafiti wa kweli upo. Sweden wachumi waliwafuatilia washindi kwa muda mrefu wakakuta walioshinda hela nyingi wanaridhika zaidi na maisha yao, na kuridhika huko kulidumu zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mama, hela hiyo haina laana. Msiiogope.

Ila someni na huu wa Florida, maana unawagusa ninyi. Watafiti waliwalinganisha walioshinda kati ya dola 50,000 na 150,000 na walioshinda chini ya dola 10,000. Miaka miwili ya mwanzo, wale wa kiasi kikubwa ni wachache zaidi waliofilisika. Kati ya mwaka wa tatu na wa tano wakawa wengi zaidi, na jumla ikaja kulingana. Hawa hawakuwa mabilionea. Walikuwa watu waliopata hela ya kutosha kupumua, wakapumua, na madeni yakawangoja. Mimi nikiwa kwenu nisingejiuliza Krismasi hii itapitaje, ningejiuliza ya mwaka wa nne itatukuta wapi.

Wakati mnafikiri, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa: hela inazalisha, na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Kwa ile ambayo hamtaigusa kuna hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali ikulipe riba, kuanzia shilingi milioni 1, za miaka 2 mpaka 25, riba inalipwa kila miezi sita. Benki yenu itawaongoza, na Benki Kuu ina tawi hapa Arusha. Ulizeni inayolipa riba kabla ya Januari, ada ijilipe yenyewe. Mkiweka benki, jueni benki ikifilisika bima ya amana inalinda mpaka shilingi milioni 7.5 kwa mteja kwa kila benki. VICOBA havimo kwenye bima hiyo, hata kama wanachama ni waaminifu.

Na tiketi, mwambie kwa upendo. Kwenye Powerball nafasi ya zawadi kuu ni moja katika milioni 292, na aliyeshinda jana leo anaanza na nafasi ileile. Droo haimkumbuki mtu.

Suka wa Kiboroloni
Kuhusu Noah nitasema kifupi. Ruti ya Moshi–Arusha imejaa Coaster na Hiace. Kuna leseni ya LATRA, bima, matairi, na dereva wa kukuletea hesabu kila jioni. Wiki gari likilala gereji hesabu haiji na deni la spea linakuja. Mtu asiyelala na gari lake asiingie humu. Mumeo ana ufundi mkononi: anunue mashine nzuri ya kukata, awe na stoku ya mabomba na bati za mageti, aajiri kijana. Hiyo kazi anaijua hata macho yakiwa yamefumba.

Mzee wa Marangu
Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nawaheshimu waliosema nyamazeni, ila kwetu hilo halitekelezeki, na kaka mkubwa anajua tayari. Habari ambayo mtoto mkubwa anayo na mama hana, ikija kufichuka Desemba mbele ya watu, inamwumiza mama kuliko kunyimwa hela.

Mumeo apande Kibosho sasa, kabla wa mbali hawajafika. Akae na mama na kaka, na aende na uamuzi uliokamilika, asiende kutafuta maoni. Aseme: nimepata kitu, sehemu hii ni ya nyumbani, iliyobaki nimeifunga. Hiyo ya nyumbani iwe kitu kinachoonekana, paa la mama au tenki la maji, isigawanywe kwa bahasha. Ada ya mdogo wake ilipwe kwenye akaunti ya chuo, muhula kwa muhula. Ndugu wakifika watakuta bati jipya, na wanaotaka zaidi watajibiwa na mama mwenyewe. Kauli ya mama kwa watoto wake hakuna wa kuipinga.

Nina jirani aliyelipwa fidia ya shamba. Aligawa kwa kila aliyemfikia, mpaka ikaisha. Walioomba mwisho wakakosa, na hao ndio hawasalimiani naye hadi leo. Hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikosa mpaka.

Wewe, binti yangu, usiwe msemaji wa jambo hili. Neno la "hapana" litoke kwa mumeo, akiwa amekaa kwao. Ukilisema wewe litakaa kwenye ukoo miaka mingi. Na mbuzi na mbege ya Krismasi viwe vilevile vya mwaka jana.

Wifi wa Kibosho
Asanteni, Mungu awabariki. Nimemsomea uzi wote jioni. Noah bado inamuuma, ila la karakana limemwingia, ameshaanza kuulizia bei ya mashine. Majina mawili amekubali bila neno. Kuhusu tiketi hatujaelewana, nitalirudia taratibu. Jumamosi tunapanda Kibosho.

Mzee wangu, naomba nikuulize moja. Mama mkwe anakaa kwenye kihamba, shamba la ukoo, na mtoto wake wa mwisho wa kiume, na nyumba hiyo kimila ni ya huyo mtoto. Tukiiezeka, wengine hawatasema tumemjengea mmoja?

Mzee wa Marangu
Watasema, na wana haki ya kuuliza. Ndiyo maana nataka kaka mkubwa awepo siku hiyo na ndiye awape wenzake taarifa, kwamba bati ni la mama maadamu yu hai. Huyo wa mwisho naye achangie: atoe mbao, au awalishe mafundi. Mumeo anunue bati mwenyewe mjini, azipandishe na gari, na amlipe fundi kwa mkono wake. Ukipata nafasi ongea na mke wa huyo wa mwisho kabla ya Jumamosi, yeye ndiye anayemlea mama kila siku.