Je, maili za ndege zinaweza kweli kumpatia mama kiti cha daraja la biashara bila malipo?

Mwanasafari:

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilimbikiza maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa mteja wake anaposafiri, katika mpango wa shirika moja kutokana na safari za kikazi, na leo akaunti yangu ina maili 94,000. Mbali na hizo, nina pointi 60,000 za kadi ya benki, ambazo benki inasema zinaweza kuhamishiwa katika mipango ya mashirika kadhaa ya ndege. Mama yangu anasumbuliwa na mgongo, na mwakani ninataka aende kumwona dada yangu, safari ya usiku inayochukua muda wa saa tisa angani, akiwa amejinyoosha kitandani badala ya kukaa wima hadi alfajiri.

Nimesoma mara nyingi kwamba watu husafiri daraja la biashara, hata daraja la kwanza, bila kulipa chochote. Nilipotafuta katika tovuti ya shirika langu, nimekuta kiti kimoja, cha kwenda tu, kinadaiwa maili 210,000. Je, kuna mahali nimekosea? Aidha, mtu mmoja amejitolea kuniuzia maili zake kwa bei nafuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mpangaji:

Hujakosea, ila umetafuta mahali pamoja tu. Zamani mashirika mengi yalikuwa na jedwali la wazi lililoonyesha safari fulani inahitaji maili ngapi, na jedwali hilo halikujali kama nauli ya siku hiyo ilikuwa juu au chini. Mashirika ya Marekani yalifanya hivyo: Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019, na leo mashirika mengi huacha bei ya maili ipande na kushuka pamoja na nauli. Hizo 210,000 ni bei ya siku uliyoiangalia, na huenda siku tatu mbele kiti kama hicho kinatolewa kwa chini ya nusu yake.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kiti cha shirika moja kinaweza kukatwa kwa maili za shirika jingine. Mashirika mengi yamo katika miungano mikubwa mitatu: Star Alliance ilianzishwa mwaka 1997, oneworld ikaanza mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000, na ndani ya kila muungano wanachama hutengeana viti vichache kwa ajili ya tiketi za maili. Kwa hiyo kiti kile kile, katika ndege ile ile, kinaweza kuwa na bei tatu au nne tofauti kutegemea umekitafuta kupitia mpango upi. Tafuta kwanza ni mashirika gani yanayoruka njia ya mama, kisha muungano wao, kisha uangalie ni wanachama gani wa muungano huo wanaopokea pointi za benki yako. Usianze na shirika unalolizoea. Anza na kiti.

Kuhusu wakati, viti hivi huonekana zaidi katika vipindi viwili. Cha kwanza ni pale ratiba inapofunguliwa, takriban miezi kumi na moja kabla ya safari, na cha pili ni wiki mbili za mwisho, shirika linapoona kwamba viti vilivyobaki havitauzika. Kwa mzee mwenye maumivu nisingependa utegemee kipindi cha pili, kwa sababu ni kumweka roho juu bila sababu.

Sasa naomba uzingatie sana hili, kwa kuwa liliniumiza mimi mwenyewe. Pointi za benki zikishahamishiwa katika mpango wa ndege, kwa kawaida hazirudi. Niliwahi kuona viti viwili katika tovuti ya mpango mmoja, nikahamisha pointi zangu zote usiku ule ule, na nilipojaribu kukata tiketi nikaambiwa viti hivyo havipo. Vilikuwa viti hewa: tovuti inavionyesha, lakini shirika lenye ndege lilikuwa limekwisha kuvifunga. Pointi zile zilikaa katika mpango ambao sikuuhitaji, na sehemu yake ikaisha muda kabla sijapata pa kuzitumia. Tangu siku hiyo ninapiga simu kwanza, ninamwomba mhudumu anitafutie kiti kile kwa tarehe na namba ya ndege, na asipokiona yeye, sihamishi hata pointi moja.

Mhesabu:

Ninaongezea kuhusu neno "bure". Maili hulipia nauli, lakini kodi na ada hubaki juu yako. Kwa tiketi ya maili ya safari ya ndani ya Marekani, ada ya usalama ni dola 5.60 tu kwa kila upande. Lakini katika safari za kimataifa baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe, ambayo wengi huiita nyongeza ya mafuta, na katika daraja la biashara tozo hiyo inaweza kuwa kubwa kiasi cha kuondoa faida yote. Uingereza nayo hutoza kodi ya kuondoka nchini ambayo ni kubwa zaidi kwa madaraja ya juu kuliko daraja la kawaida. Mpango mmoja hukutoza nyongeza hiyo na mwingine haukutozi kwa kiti hicho hicho, kwa hiyo fika hadi ukurasa wa malipo kabla ya kuamua.

Hesabu yenyewe si ngumu: chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa, kisha gawa kwa idadi ya maili. Lakini naomba usijidanganye kwa nauli ambayo usingeilipa kamwe. Weka katika hesabu kiasi ambacho kweli ungekuwa tayari kukitoa ili mama alale.

Mzee wa Ratiba:

Maili za huyo mtu usizinunue. Masharti ya mipango hii hukataza wanachama kuuziana maili, na shirika likigundua linaweza kufuta tiketi hata siku ya safari na kufunga akaunti yako. Usitegemee kwamba mahakama itakuokoa kirahisi: mwaka 2014, katika kesi ya shirika la ndege la Northwest dhidi ya Ginsberg, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya mwanachama aliyeondolewa katika mpango wa shirika hilo na kudai kwamba halikumtendea kwa nia njema. Fikiria mama akiambiwa kaunta kwamba tiketi yake haipo.

Huna haja ya kuhamishia maili katika jina lake pia. Mipango mingi hukuruhusu kumkatia mtu mwingine tiketi kutoka katika akaunti yako, ingawa baadhi hudai umwandikishe kwanza kama mnufaika.

Mwanasafari:

Ninawashukuru kwa dhati. Nilifuata njia ya Mpangaji: kupitia mpango wa shirika jingine la muungano huo huo, kiti cha kwenda kilikuwa pointi 55,000 pamoja na ada ndogo. Nilipiga simu, mhudumu akakiona, nikahamisha pointi hizo, na leo nimepata namba ya uhifadhi. Kwa kurudi nitatumia maili zangu 94,000 nikishapata siku yenye bei ya chini. Je, kuna kilichobaki kwa upande wa kwenda?

Mpangaji:

Kimebaki kimoja, ndugu yangu. Namba ya uhifadhi si tiketi. Tafuta katika barua pepe namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Kama haipo, piga simu leo leo, kwa maana kiti kisichotolewa tiketi hurudishwa. Kisha omba namba ya uhifadhi ya shirika lenye ndege, ambayo mara nyingi ni tofauti na yako, uingie nayo katika tovuti yao umchagulie mama kiti cha kando ya njia na kuomba kiti cha magurudumu uwanjani.