Mjadala: Pesa ya utafiti Nyanda za Juu Kusini, tusanifu prosesa au tununue mitambo?

Mleta mada (Mbeya mjini):

Habari zenu wanajamvi. Kila ukitajwa utafiti wa kompyuta kwenye chuo chetu cha sayansi na teknolojia, MUST, pale Iyunga, watu wanagawanyika. Upande mmoja unasema prosesa, ile chipu inayotekeleza amri za kompyuta, waachiwe Marekani na Taiwan, sisi tufundishe mafundi wa kufunga na kutengeneza mashine, basi. Mimi niko upande wa pili, tena kwa moyo wote. Sehemu ya pesa ya umma iende kwenye usanifu wa kompyuta, yaani namna prosesa inavyopangwa kwa ndani, na ilenge viwanda vyetu.

Chukueni mtambo wa kuchambua parachichi, mfano kule Njombe. Tunda linapita chini ya kamera, kompyuta inaamua daraja lake, na mbele kidogo mlango unafunguka linaangukia kwenye kreti yake. Mlango ukichelewa kidogo tu, tunda la daraja la kwanza limekwenda kwa daraja la tatu. Sasa prosesa hizi za laptop hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zimeundwa ziwe na kasi kwa wastani: zinasogeza data kwenye kumbukumbu ndogo ya karibu, zinabahatisha amri itakayofuata, na zikikosea zinatupa kazi zinaanza upya. Ndiyo maana kazi ileile mara inaisha upesi, mara inachelewa. Mwaka 2007 Edward Lee wa Chuo Kikuu cha Berkeley na Stephen Edwards wa Chuo Kikuu cha Columbia, vyote vya Marekani, waliandika kwamba prosesa za kuendesha mitambo zinapaswa kuwa na uhakika wa muda, si kasi peke yake. Huo ni utafiti wa usanifu wa kompyuta, na tatizo lake lipo kwenye viwanda vyetu.

Tena siku hizi hakuna wa kutuzuia. RISC-V, mfumo wa amri za prosesa ulioanzishwa Berkeley mwaka 2010, haulipiwi leseni. Mwanafunzi anaandika prosesa yake, anaipakia kwenye bodi ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa upya kila unapotaka, na anaipima palepale mezani.

Mchangiaji (Mufindi):

Mkuu, heshima kwako, ila mimi nafanya kazi kiwanda cha chai na napinga. Njoo usiku kwenye vitanda vya kunyaushia. Majani mabichi yamelazwa juu ya wavu, feni inapuliza kutokea chini, na mwenye zamu anapita akichukua konzi ya majani na kuifinya. Akifungua mkono, majani yakibaki yameshikana, yamenyauka, yakifumuka, bado. Umeme ukikatika feni inasimama, majani ya chini yanapata joto na kuanza kuwa mekundu, chai imeharibika kabla haijafika kwenye rola. Kunyausha kunachukua saa nyingi, hizo sekunde zako za kukatwa vipande zinanisaidia nini? Nipe jenereta inayowaka yenyewe, vipima unyevu, na feni ya kubadilisha mwendo. PLC za dukani, yaani kompyuta ndogo za kuendesha mitambo, zinatosha, zina betri, umeme ukirudi zinakumbuka zilipoishia. Vijana wanatuletea vyeti vizuri lakini hawajawahi kufungua kontakta, swichi ya umeme inayowasha mota. Kodi yetu ianzie hapo.

Mchangiaji (Iringa):

Mimi swali langu fupi. Hiyo chipu itatengenezwa wapi? Kiwanda cha chipu ni mabilioni ya dola. Naogopa tutaishia kupata ripoti na picha za uzinduzi.

Mleta mada:

Kaka wa Mufindi, kwa kunyausha chai PLC inatosha, sibishi, na la kontakta tuko pamoja. Lakini programu iliyo ndani ya hiyo PLC anayo nani? Nimesimama kwenye kiwanda kimoja cha mbao Mafinga, tanuru la kukaushia limegoma, mbao zimo ndani, mafundi wazuri wapo, na hakuna aliyeweza kubadilisha hata namba moja ya joto, kwa sababu aliyefunga mtambo aliweka nywila akaondoka nayo. Wote tukabaki tunapiga simu. Kijana aliyewahi kusanifu prosesa mwenyewe, akajua amri inaingiaje na inatokaje, hawezi kutishwa na kile kisanduku. Atasoma vipima joto, atafuata nyaya za feni, ataandika kidhibiti kipya. Mtaalamu wa namna hiyo humpati kwa kununua mitambo, na kwangu mimi hii ni sababu kubwa kuliko ile ya parachichi.

Ndugu wa Iringa, kusanifu na kuchapa chipu ni kazi mbili. Kampuni ya TSMC ya Taiwan ilianzishwa mwaka 1987 ili kuwatengenezea wengine chipu, na kampuni nyingi kubwa za chipu hazina kiwanda kabisa. Prosesa ya RISC-I ya Berkeley, ya mwaka 1982, ilisanifiwa na wanafunzi chini ya mhadhiri wao David Patterson, ikiwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, 44,420 tu. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha chipu cha SkyWater walitoa bure michoro ya msingi ya teknolojia ya nanomita 130. Ni teknolojia ya zamani, ila mlango wa parachichi hauhitaji zaidi ya hapo. Na kwa kuanzia hata chipu hatuihitaji, FPGA inatosha.

Hofu ya ripoti ninayo pia, kwa hiyo napendekeza sharti gumu: hakuna mradi kupewa pesa kama hakuna kiwanda kilichokubali kuufunga, na fundi wa kiwanda awe msimamizi mwenye sahihi sawa na mhadhiri. Asiposaini, awamu ya pili ya pesa haitoki.

Kaka wa Mufindi, nakuuliza wewe moja kwa moja: kiwanda chenu kinaweza kutoa kitanda kimoja, bodi ya wanafunzi ifungwe sambamba na PLC iliyopo, ipime tu bila kugusa feni? Kama haiwezekani, tuandikie kinachozuia ni nini.