Wamekula pesa ya mwaka mzima, siku tisa baadaye wanatuambia TV ya intaneti inafungwa!!

Wadau habari zenu, mimi yangu si nzuri. Niko Kisumu, Manyatta, na hiki kisanduku cha ile TV ya intaneti iliyofungwa juzi kiko hapa mezani (jina sitaji, wenye mlikuwa nayo mshaijua). Taa nyekundu inawaka, inazima, inawaka, na kwa skrini imeandikwa "Huduma haipatikani kwa sasa". Kwa sasa gani na mmefunga kabisa?

Mzee wangu anakaa Ugenya, boma liko nyuma ya kilima, antena inashika stesheni mbili na zote chengachenga. So Agosti 2025 wakati wa mpira wa CHAN nikamnunulia hiki kisanduku na ruta ya laini ya simu, na msinianzie na mambo ya bando, najua picha safi inaweza kula hata GB 3 kwa saa, nilikuwa nanunua mimi. Ile siku ya Morocco, Ogam ashafunga, tumepewa kadi nyekundu tumebaki kumi, mzee alitazama kipindi cha pili chote akiwa amesimama na goti lake ni bovu. Oktoba ikaja msiba wa Baba Raila, wazee wa boma nne wenye hawangeweza kufika uwanja wa Mamboleo kumuaga walijaa kwake, wengine kwa dirisha. Ilikuwa inakwamakwama, saa ingine sauti inatangulia picha, lakini waliona.

Basi wakaanza kututumia ofa kila asubuhi, lipa mwaka mzima upate miezi miwili bure. Tarehe 2 nikatuma elfu sita. Tarehe 11 SMS inaingia, "Mpendwa mteja, tunasikitika", huduma mwisho tarehe 20. Mpendwa wa nani??

Kampuni haiamuki tu asubuhi ikafunga. Stesheni zina mikataba, seva zinalipiwa, wafanyakazi wanapewa notisi, hii maneno ilikuwa mezani wakati wanatutumia ofa na ndio maana naita huu wizi. Sony walikuwa na ya kwao huko Marekani, PlayStation Vue, ilianza 2015 na ikawashinda wakasema stesheni ni ghali, lakini walitangaza Oktoba 2019 wakafunga 30 Januari 2020. Watu walipewa miezi mitatu ya kujipanga. Sisi siku tisa.

Na sikatai hii biashara ni ngumu. Mlingoti wa TV haujali kama mko kumi ama milioni moja, lakini kwa intaneti kila mtu akifungua ni data ingine inatoka kwa seva na inalipiwa. Hata Kwesé, TV ya kampuni ya Econet, iliingia na kishindo 2017, kufika 2019 imeisha. Sasa kama mnajua mnazama mbona mnachukua nauli ya mwaka?

Kastoma kea nimewekewa wimbo dakika 14 halafu kijana ananiambia "kaka, pesa haiwezi rudi juu ulishaanza kutumia". Ati nipewe vocha ya apu ya filamu za simu. Mzee ako na kabambe, simu ya batani! Ataifungua na nini, tochi?

Nikapeleka kisanduku kwa fundi pale Kibuye angalau kishike YouTube, akakifungua akakipindua, akasema wamekifunga na programu yao, hakikubali apu ingine yoyote. Akanipea mia tatu, na si ya kisanduku, ni ya chaja.

Kama ulilipa ya mwaka tafadhali usifute ile meseji ya M-Pesa, na ofa pia zihifadhi na tarehe zake. Nataka tuwapelekee Mamlaka ya Mawasiliano tukiwa wengi, sheria ya kulinda mteja iko tangu 2012 na mtu mmoja wakimzungusha atachoka. Na wale wa "si ungenunua dikoda ya kawaida" pitieni mbali leo, sina hiyo roho.

Mzee amenipigia asubuhi. Nimemweleza kampuni imefunga, akanyamaza, halafu akaniuliza polepole, "Wuoda (mwanangu), kwani hii mwezi hukulipa?"

Nimelipa hadi mwaka kesho jameni.