Nimemaliza dozi ya kijidudu cha tumboni, H. pylori, kipimo bado kinasema ninacho. Nirudie dawa zilezile?

Dereva_Malaba
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni dereva wa lori, umri 41, njia yangu Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, kwenda Elegu, mpaka wa Sudan Kusini. Tumbo linaniunguza chini ya chembe ya moyo tangu mwaka jana, hasa usiku nikiwa na njaa. Kliniki moja hapa mpakani walinitoboa kidole, wakasema nina H. pylori. Wakanipa dawa za siku 14: omeprazoli ya kupunguza tindikali, na antibayotiki mbili, amoksisilini gramu moja na klarithromaisini miligramu 500, asubuhi na jioni. Nilimaliza zote. Wiki tatu baadaye nikapimwa tena damu, jibu lilelile, nikauziwa dozi ileile. Alfajiri naondoka na mzigo. Naomba kujua tu: nianze kumeza leo, au nisubiri nifike Elegu?

Mama_Swaleh
Pole mwanangu. Mimi vidonda vya tumbo vilinitesa miaka sita. Niliponda kabichi mbichi, nikanywa maji yake kila asubuhi, na pilipili nikaiaga. Leo nakula muhogo na maharage bila shida. Jaribu.

Muumini_Jinja
Madereva mnajitakia. Waragi, kuku wa kuchoma wa Namawojjolo saa sita ya usiku, usingizi wa saa mbili tu. Tumbo litapona vipi? Mrudie Mungu na upange maisha yako.

Dereva_Malaba
Ndugu yangu, pombe sijaigusa tangu nizaliwe. Nimeuliza habari ya dawa.

Nesi_Arua
Kaka, usianze hiyo dozi. Kipimo cha damu hakimtafuti kijidudu, kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza kupigana naye. Kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, wakati kijidudu kimeshakufa. Inawezekana umepona na unatibiwa kivuli. Naona watu wa namna hii kila wiki na inaniuma, kwa sababu wanatumia pesa ya karo ya watoto.

Kipimo cha kujua kama dawa zimefanya kazi ni cha choo, kile cha antijeni, yaani chembe za kijidudu chenyewe, au cha kupuliza pumzi. Nacho hakifanywi mapema: zipite angalau wiki nne baada ya antibayotiki, na wiki mbili bila omeprazoli. Ukipima kabla ya hapo, kijidudu kinaweza kujificha ukaambiwa huna. Kikionekana bado kipo, klarithromaisini isirudiwe, maana kijidudu kilichosalia huenda kimeshaizoea. Daktari atabadilisha, mara nyingi omeprazoli pamoja na bizmuthi, tetrasaiklini na metronidazoli.

Sasa nijibu matatu. Umepungua uzito? Unameza dawa gani ya maumivu? Choo chako kina rangi gani?

Dereva_Malaba
Asante sana dada. Uzito haujabadilika. Dawa ya maumivu ni diklofenaki, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, huu ni mwezi wa nne mfululizo. Najua mtanilaumu, lakini bila hiyo mgongo haunipi nafasi ya kukaa kwenye usukani. Tajiri mwenye lori hataki kusikia habari za mgongo. Na dozi ya pili nimeshailipia, duka halirudishi pesa.

Nesi_Arua
Sikulaumu. Lakini diklofenaki inaondoa ulinzi wa ukuta wa tumbo, tindikali inakula nyama. Ikikutana na H. pylori, kidonda na kutoka damu vinakuwa rahisi zaidi. Huenda ndiyo inayokuunguza sasa. Iache leo. Kwa mgongo tumia parasetamoli wakati unatafuta daktari. Na la choo hujajibu.

Mwalimu_Bombo
Vijana, mna bahati. Kaka yangu mkubwa alipasuliwa akakatwa sehemu ya tumbo, na aliporudi nyumbani wazee walimwambia apunguze mawazo. Ndivyo tulivyoamini sote: mawazo na pilipili. Kumbe huko Perth, Australia, Robin Warren alikuwa anaviona vijidudu hivi kwenye vipande vya tumbo, na mwaka 1984 mwenzake Barry Marshall akavinywa mwenyewe. Siku chache tu akaanza kutapika, tumbo limevimba kwa ndani. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kaka hakuwahi kusikia majina yao. Huwa namfikiria kila nikiona mtu anauliza habari hii.

Fundi_Busia
Samahani, mimi uzi huu siuamini. Akaunti ni mpya, haina hata picha. Swali moja la nesi analiruka kila mara. Nimeshaona tatu za namna hii: mgonjwa analia, wiki inayofuata anarudi kusema amepona kwa unga wa mizizi, halafu anaweka namba ya simu. Tusubiri namba.

Mama_Swaleh
Hata mimi nimeanza kushangaa. Dereva anakumbukaje miligramu?

Dereva_Malaba
Miligramu ziko kwenye boksi, mama, ninalo mkononi. Mimi siuzi kitu. Niko Tororo, nimeegesha, turniboi, msaidizi wangu, amelala. Fundi, unataka jibu la nesi? Choo changu ni cheusi tangu juzi. Kama lami, kinanata, na harufu yake sijawahi kuijua. Leo nikisimama naona giza. Sikuandika kwa sababu nilijua mtaniambia nisiondoke, na mzigo huu ndio kodi ya nyumba yangu. Nimejiambia ni mboga nilizokula.

Nesi_Arua
Unameza vidonge vya kuongeza damu? Au umemeza bizmuthi yoyote? Hivyo navyo hufanya choo kiwe cheusi.

Dereva_Malaba
Hapana.

Nesi_Arua
Basi ni damu inatoka tumboni. Kaka yangu, usiendeshe. Mwamshe turniboi, chukueni gari au boda, nenda hospitali yenye damu ya kuongezea, sasa hivi, si alfajiri. Usile. Usianze dozi yoyote, hiyo itasubiri. Beba boksi la diklofenaki uwaonyeshe.

Mwalimu_Bombo
Nenda mwanangu. Mpigie tajiri ukiwa njiani, si kabla.

Fundi_Busia
Ndugu, nisamehe. Lori lisikuzuie, mwachie turniboi funguo. Nenda.

Dereva_Malaba
Nimefika. Nilikaa katikati ya boda na turniboi nyuma amenishika. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ni 7.8, iko chini sana. Wameniwekea dripu na omeprazoli ya mshipa, wanatafuta damu kundi O, na asubuhi wataangalia kama naweza kupelekwa kwenye kamera ya tumboni. Tajiri amepiga mara nne, turniboi ndiye anayepokea. Daktari ameuliza mgongo ulianza lini, akaomba boksi la diklofenaki. Ameliweka mfukoni mwake.