Muvi za kutisha za Krismasi za siku hizi ni utapeli mtupu, sikukuu imebaki pambo tu

Wakuu salama? Mimi siko salama, nimekereka na leo ngoja niseme. Kila Desemba ni yale yale, wanakuwekea posta ina Santa kashika shoka, damu kwenye theluji, trela kengele zinalia, unachoma bando au unaenda laibrari jamaa anakujazia flashi anakwambia hii mpya kaka, utalala taa inawaka. Unafika nusu ya muvi unagundua hiyo Krismasi haina kazi yoyote mle ndani. Wavue watu zile kofia nyekundu, toa ule mti sebuleni, stori inabaki ile ile, ingeweza kutokea hata Juni. Sasa hapo umeniuzia nini?

Nikilalamika naambiwa we mzee, unapenda vya kale. Sio uzee jamani. Chukueni Black Christmas ya 1974, ile ya Kanada aliyoongoza Bob Clark (ambaye baadae akaja kutengeneza komedi ya Krismasi ya familia nzima, huyo huyo mmoja, sijui alikuwa anawaza nini). Wasichana wa chuo wanafunga kwa likizo ya Krismasi, kila mtu anapaki aende kwao. Mmoja anauawa mapema tu, baba yake kaja kumchukua anasubiri weee binti hatokei, polisi wanachukulia poa, wanadhani kaondoka na mshikaji wake. Na mwili uko darini nyumba hiyo hiyo! Hapo likizo ndio inamficha muuaji. Halafu kuna sehemu watoto wamekuja mlangoni wanaimba nyimbo za Krismasi, msichana mmoja kasimama anawasikiliza, juu chumbani mwenzake anauawa, na zile sauti ndio zinafunika makelele. Ukitoa Krismasi pale muvi inakufa. Na muuaji hawakuelezei ni nani wala katoka wapi, unabaki na hofu yako mwenyewe.

Wakairudia 2006, wakajaza damu na historia ndefu ya utotoni mwa muuaji, nani aliomba? Wakairudia tena 2019, hiyo ikawa ya kulelea watoto.

Lakini iliyonichefua kuliko zote ni rimeki ya My Bloody Valentine (sikukuu nyingine, ila ugonjwa ule ule), na hii wengi mnaisifia kwa sababu ya 3D. Ya 1981 ilipigwa ndani ya mgodi wa kweli kule Nova Scotia na stori imekaa sawa kabisa: wasimamizi waliwahi dansi ya Valentine bila kupima gesi, mgodi ukalipuka, watu wakafukiwa, akatoka mmoja hai na hasira zake, onyo lake ni moja tu, msicheze tena hiyo dansi. Yani sikukuu ndio kosa lenyewe. Miaka imepita vijana wakaona hizo ni stori za wazee, wakapanga dansi. Umeona? Sasa rimeki ya 2009 wakatoa dansi kwenye kisa, kosa wakampa mtoto wa mwenye mgodi kasahau kutoa gesi. Imebaki ajali kazini tu! Mioyo myekundu mle ndani ni ya nini tena, si wangeita Mgodi wa Damu tujue moja.

Na msinipangie Terrifier 3. Ya pili Art, yule klauni muuaji wao, alikuwa kwenye Halloween, ya tatu kavaa nguo za Santa anachinja vile vile, na waliitoa Oktoba 2024, hata wenyewe hawakuisubiri Krismasi.

Sisemi mpya zote mbovu. Krampus ya 2015 naitetea hadi kesho, dogo kachoshwa na ndugu zake kachana barua ya kwa Santa ndio balaa linaanzia hapo, na kila aliyewahi kufungiwa nyumba moja na mashangazi na mabinamu siku tatu anaielewa hiyo muvi. Rare Exports ya Finland 2010 nayo, wamechimba mlima wakamfukua Santa mwenyewe, yule wa zamani asiyechekea watoto. Kumbe inawezekana mtu akitumia akili.

Na nyie wa Bongo muvi msijifiche. Theluji hatuna, sawa, ila Desemba Dar inavyokuwa tupu watu wakipanda Moshi hamuoni? Mtaa mzima mageti yana kufuli. Dada wa kazi kaachwa alinde nyumba, bosi anajua yule siku yoyote ataenda kwao, kwao wanajua yuko na bosi, hakuna wa kumuulizia mpaka Januari shule zinafunguliwa. Mpeni huyo dada usiku mmoja, umeme umekatika na mtu anagonga geti anamwita kwa jina lake, muone kama kuna atakayelala. Bure hiyo nimewapa. Lakini najua mtaenda kununua kofia za Santa Kariakoo mumvalishe jini.

Anayebisha aje na jina la muvi na aniambie sikukuu inafanya kazi gani kwenye stori. Sio "ina damu nyingi mkuu". Damu hata buchani ipo.