Mchezo wa mangweni ndani ya baa halisi: jukwaa, taa na vinywaji tupange vipi?

Kundi_Maweni

Hamjambo wapenzi wa jukwaa. Tunaandaa mchezo wa saa moja na dakika ishirini, na yote yanatokea mangweni, yaani mahali pa kunywea tembo, pombe ya mnazi. Waigizaji ni saba, wote wa kujitolea. Mwenye baa moja hapa Malindi ametupa ukumbi wake kwa jioni mbili: paa la makuti, kuta pande mbili tu, kaunta ya zege, nafasi ya watu hamsini hivi. Jukwaa hakuna. Waigizaji wakikaa mezani, watazamaji walio nyuma hawawaoni, na sauti inapotea. Taa nazo? Na vibuyuni tutie nini? Halafu wanafunzi wa sekondari wameomba kuja.

Jukwaa_Pwani

Nianze na wanafunzi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pa kunywea pombe, na mchezo haubadilishi leseni ya baa. Wapangieni onyesho lao mchana katika ukumbi wa shule.

Jukwaa: ombeni kreti tupu za bia, zile za chupa 25. Zipindueni mdomo chini, safu tatu za kreti tano tano chini ya kila plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18. Plaiwudi mbili zatosha meza moja na njia ya kupita. Fungeni kreti pamoja kwa kamba ya nailoni, na plaiwudi ziunganisheni kwa ubao na skrubu kwa chini, la sivyo zitaachana mtu akikanyaga kwenye kiungo. Tandikeni mkeka juu na muubane kwa misumari pembeni. Bila mkeka kila hatua italia kama ngoma na kufunika maneno.

Hadhira nayo ikae kwa ngazi: mikeka mbele, kisha mabenchi, viti, na nyuma kabisa stuli za kaunta. Mezani, upande unaoelekea watazamaji uachwe wazi. Meza yenyewe ikae mshazari, hapo watu wanne wataonekana nyuso bila kujipanga kana kwamba wanapigwa picha. Kaunta msiifanye kitovu cha mchezo. Anayesimama nyuma yake hukatwa kiunoni, kwa hiyo mwachieni mwigizaji wa muuzaji peke yake.

Sauti: makuti hunywa sauti, na pande zilizo wazi huimwaga nje. Ikiwa kuta zenu mbili zinakutana, jukwaa ni pale konani, kwa sababu ukuta mgumu mgongoni mwa mwigizaji huirudisha sauti kwa hadhira. Msitundike pazia zito nyuma yake. Kipindi cha kusi, upande unaoingiza upepo wekeni turubai lililokazwa vizuri, maana likilegea litapigapiga onyesho zima. Friji izimwe mchezo ukianza. Isipofunguliwa, vinywaji havitapoteza baridi kwa muda huo. Mchagueni mtu mmoja wa kuiwasha tena.

Anzeni saa mbili usiku. Isha itakuwa imeshaswaliwa, na hata mkipumzika dakika ishirini mtamaliza kabla ya saa nne, mechi za Ulaya za usiku zisiwakute jukwaani. Kubalianeni na mwenye baa kwamba mauzo ni kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko tu. Akiuza katikati, kila kizibo kitakachofunguliwa kitakata sentensi ya mtu.

Fundi_Taa

LED nne za wati 30, mwanga wa njano wa kelvini 3000. Mbili mbele, kulia na kushoto, zikishuka usoni kwa nyuzi 45. Moja pembeni, moja nyuma ili kichwa kitengane na ukuta. Zifungeni kwenye boriti, mita moja au zaidi kutoka kwenye makuti. Halojeni za wati 500 msizilete kabisa: zinachoma, na makuti makavu hayangoji. Mnataka kandili mezani? Itoeni utambi, ndani mtie balbu ndogo ya betri.

Umeme ukikatika, wekeni tayari taa mbili za kuchaji miguuni pa jukwaa, na waigizaji wazoee kuendelea bila kusita. Njano pia huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe, jambo kubwa kwa mtu anayesema kinywa wazi.

Bi_Maleba

Tembo la jukwaani: vijiko viwili vya maziwa kwa lita ya maji, basi. Tui linapendeza machoni lakini kwa joto letu huchacha na mafuta huelea juu. Soda hapana, italeta mbweu katikati ya maneno. Pombe halisi hapana kabisa. Kila kibuyu kijazwe robo tu, maana hata maji yakizidi mtu atahitaji kutoka.

Anayenywa kwa mrija hawezi kusema. Tieni alama kwenye mswada kila anapopiga funda, na funda liangukie mwenzake anapojibu. Mgema aingie na kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, lakini iwe ya mti au iliyosagwa makali. Maji yakimwagika kwenye mkeka yatatelezesha watu, kwa hiyo muuzaji awe na kitambaa begani, apanguse ndani ya uigizaji.

Na ulevi: mlevi hujitahidi aonekane mzima. Mwigizaji achague dalili moja, mathalani kukiweka kibuyu chini kwa uangalifu uliopita kiasi, na aishikilie. Wote saba wakiyumba, hadhira itachoka mapema.

Kundi_Maweni

Ahsanteni sana, Bi Maleba, Fundi na Jukwaa. Mteja aliyelewa kweli akianza kujibizana na waigizaji?

Jukwaa_Pwani

Mwigizaji wenu wa muuzaji ndiye amshughulikie, bila kutoka kwenye uhusika wake: amwendee, amjibu kwa sentensi moja, amketishe. Wengine wasimtazame. Akirudia, mlinzi wa baa amtoe taratibu, na mchezo usisimame. Mlinzi aelezwe haya kabla, na akae karibu na mlango, si mbele ya taa.