Bwawa likijaa samaki wanaongezeka, au tunahesabia ziwani tu?

Wakuu, kila likitajwa bwawa jipya la umeme kuna hoja haikosi: mto ulikuwa na samaki wachache, sasa tunapata ziwa zima, wavuvi watashiba. Nataka tuijadili, maana nusu yake ni kweli.

Kwenye mto unaokimbia, planktoni haina nafasi. Hivyo vidudu vinavyoelea vinasombwa kabla havijazaana, na ukiweka tone la maji hayo chini ya hadubini unakuta zaidi diatomu, mwani wenye gamba la kioo, nyingi zimebanduka tu kwenye mawe. Fungia mto huohuo, maji yakae miezi: tone linajaa kopepodi, vidudu vidogo vya jamii ya kamba, wanaorukaruka kama viroboto. Chakula kimeongezeka kweli.

Kariba, bwawa la mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, ndiyo mfano mkubwa wa wenye hoja hiyo. Milango ilifungwa mwishoni mwa 1958, lakini samaki wa Zambezi walizoea mto. Maji ya wazi yenye kina yakabaki na planktoni isiyo na mlaji. Mwaka 1967 na 1968 wakaletwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, kule wanawaita kapenta, wakazaana hasa. Wengine walipenya kwenye mitambo ya umeme wakateremka hadi Cahora Bassa, Msumbiji, na huko nako wanavuliwa. (Wamepita kwenye mapanga yale na bado wako hai, hapo nawavulia kofia.)

Sasa tazama hesabu. Tani zimepanda kwa samaki mmoja, tena wa kuletwa. Hilo si ongezeko la aina za samaki. Halafu anayehesabia ziwani haendi kuangalia mtoni chini. Bwawa Kuu la Aswan, Misri, lilipoanza kuzuia mafuriko ya Nile mwaka 1964, maji yenye rutuba yaliyokuwa yakichanua diatomu baharini mbele ya delta yalikatika. Sadini waliovuliwa pale, kama tani 18,000 mwaka 1962, hawakufika hata tani 1,000 mwaka 1968.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, umekatisha hadithi inapokunogea. Uvuvi wa pale delta uliinuka tena miaka ya 1980. Mbona hukusema?

*Mleta mada:* Umenibana, uliinuka. Ila rutuba ya safari hii inatajwa kuwa ni mbolea ya mashambani na majitaka ya mijini. Kama hiyo ndiyo dawa ya bwawa, sawa, ila mimi sitaisifu.

*Mchangiaji wa pili:* Nyote mnalaumu zege. Kosa ni uendeshaji. China tangu 2011 wanaachia maji kwa makusudi kwenye bwawa la Three Gorges ili samaki aina ya kapu (carp) wa mto Yangtze watage. Mayai yao hayashiki chini, yanaelea na mkondo, na samaki hao hawatagi mpaka wahisi mto unapanda. Mto ukipandishwa, wanataga. Kwa nini isiwe sharti la kila bwawa?

*Mleta mada:* Hapo tuko pamoja, iwe sharti, na liandikwe kabla zege halijamwagwa. Ila mto huohuo una jibu lingine. Ulikuwa na samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama kasia, aliyepanda mto kwenda kutaga. Bwawa la Gezhouba lilimfungia njia mwaka 1981, uvuvi ukamalizia waliobaki, na mwaka 2022 akatangazwa kuwa ametoweka duniani. Huyu hakuhitaji maji yaachiwe, alihitaji kupita. Mwaka 2021 China ilipiga marufuku uvuvi Yangtze kwa miaka 10, na yeye hayumo tena wa kufaidika.

*Mchangiaji wa kwanza:* Lakini watu wanakula tani, ndugu, hawali aina.

*Mleta mada:* Wanakula tani, ndiyo. Anayekula za ziwani ndiye yuleyule aliyekuwa akivua kule delta? Na orodha ya samaki wa mto, anayeunga mkono atuambie iliandikwa lini: kabla milango haijafungwa, au baada?